Bunduki Iliyokataa Kufungwa

Koplo Gentjan Muka alikuwa akila alipoulizwa na Kapteni Sotir Bega swali la kwanza, na hakuacha kula.

"Ulizikagua bunduki zote?"

"Zote, afande."

"Moja moja?"

"Moja moja." Gentjan alimega kipande kingine cha lakror, ile chapati nene ya tabaka yenye vitunguu na nyama ndani, akakichovya kwenye maziwa ya mgando. "Samahani sikukaribishi. Kwenye mahabusu hakuna sahani ya pili."

Chumba cha mahabusu kilikuwa stoo ya zamani ya mablanketi, na kiti kilikuwa kimoja. Sotir alibaki amesimama. Alikuwa mpelelezi wa polisi wa jeshi, ametoka Tirana alfajiri, na theluji ya barabara ya Korçë bado ilikuwa inayeyuka kwenye mabega ya koti lake. Hakuwa na haraka, ingawa alikuwa na sababu ya kuwa nayo. Gari la mwendesha mashtaka lilitarajiwa baada ya chakula cha mchana, na Gentjan angepanda akiwa na pingu mkononi.

"Unakula vizuri," alisema.

"Kuliko Meja. Jana kondoo, juzi kondoo. Mpishi anadhani nimeshakufa, ananilisha kama niko matangani kwangu."

"Nieleze tena. Kwa mpangilio."

Gentjan akaeleza. Ijumaa ilikuwa siku ya kusafisha silaha. Kombania nzima ilisafisha, yeye mtunza silaha akazipokea, akazitundika, akafunga ghala. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, hata bafuni. Jumatatu asubuhi akafungua ili vijana wanaokwenda kutumikia kwenye kambi ya kimataifa nchi za Baltiki wakajaribu shabaha kabla ya safari. Enea Prifti, mwana wa mpishi, akachukua bunduki yake, akasema mbona nyepesi. Wakaifungua. Ndani hamna bolti.

"Bolti peke yake," Sotir alisema.

"Peke yake. Kile chuma kinachosukuma risasi kwenye mtutu na kutoa ganda. Bila hicho umebeba fimbo ya bei ghali."

"Inauzika?"

"Kila kitu kinauzika, afande, ndiyo maana niko hapa." Gentjan aliweka kipande chake chini. "Mke wangu anajifungua mwezi wa nne. Mimi niuze kipande cha chuma kwa nani? Nikauze kipande ambacho mtu wa kwanza kuulizwa ni mimi? Hata mwizi ana akili yake."

Sotir aligeuka. Aligonga mlango afunguliwe.

* * *

Bunduki ilikuwa ofisini kwa Meja Dhimitër Lako, mkuu wa kambi, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa lakiri. Meja alikuwa mtu mnene mwenye mafua, na kesi hii alishaimaliza kichwani mwake.

"Ufunguo mmoja, mtu mmoja," alisema, akapenga kamasi. "Sijui wamekutuma kufanya nini."

"Kuhakikisha, Meja."

"Haya hakikisha. Mimi Jumapili napeleka watu thelathini uwanja wa ndege, na kila mtu mjini anasema Korçë wanauza bunduki kwa vipande."

Sotir alikata lakiri, akaiweka bunduki mezani juu ya gazeti. Ilikuwa mojawapo ya zile mpya za Magharibi, nyeusi na fupi, zilizoletwa kuchukua nafasi ya Kalashnikov ambazo jeshi lilizitumia tangu baba zao. Hakuigusa kwanza. Aliiangalia tu, upande mmoja, kisha akaizungusha kwa kalamu akaangalia upande wa pili. Meja alikohoa.

"Nani aliyegusa hiki kijiti cha usalama?"

"Hakuna. Enea alipoona haina kitu aliniletea ilivyo. Nikaifunga mimi mwenyewe."

Kijiti kilikuwa kimeelekea kwenye kufyatua. Sotir alikisukuma kwa kidole gumba kukirudisha kwenye usalama. Kikakataa. Akasukuma tena, polepole, kama mtu anayejaribu mlango wa jirani. Kikakataa.

Enea akaitwa aje. Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na miwili, mwenye masikio mekundu kwa baridi.

"Ulipoitoa rafuni ilikuwa hivi?"

"Hivyo hivyo, afande. Nilijaribu kuifunga, ikakataa. Nikadhani imeharibika."

"Ijumaa uliiacha vipi?"

"Imefungwa usalama, kama kawaida. Nimeikoki, nimeangalia chemba, nimefunga. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Nani angetaka usisafiri?"

Enea alicheka kidogo. "Mchumba wangu. Lakini yeye hata kopo la dagaa halifungui bila kujikata."

Alipoondoka, Sotir aliitoa pini ya nyuma, akaikunjua bunduki katikati. Tumboni hamkuwa na kitu, na nyundo ilikuwa imelala mbele. Akawasha tochi yake ndogo. Mbele ya nyundo, kwenye chuma ambacho kwa kawaida hakiguswi na kitu, palikuwa na alama mpya inayong'aa, ndogo kama punje ya mchele.

"Meja, njoo uone."

"Naona chuma."

"Nyundo imegonga hapa. Bolti ingekuwemo, ingegonga bolti. Kwa hiyo mtu alitoa bolti kwanza, akaifunga bunduki, halafu akavuta triga."

"Na?"

"Na silaha hizi, nyundo ikishaanguka, kijiti cha usalama hakiendi. Ndiyo maana imekataa. Haijaharibika." Sotir alizima tochi. "Swali langu ni hili. Mwizi ana dakika chache. Ameshapata alichokitaka. Kwa nini avute triga ya bunduki aliyoifanya tupu yeye mwenyewe?"

Meja alitafuta leso.

* * *

Sotir aliomba bunduki nyingine nzima na meza iwekwe ukumbini. Akawaita askari mmoja mmoja, wale waliokuwapo Ijumaa. Kila mmoja akaambiwa na Sotir jambo lile lile: "Hakikisha iko salama, kisha niwekee mezani."

Walifanya kama watoto wa mama mmoja. Toa magazini, koki, angalia chemba, sukuma kijiti, weka. Hakuna aliyegusa triga. Wengine walimaliza kabla hajamaliza sentensi. Koplo Gentjan naye aliletwa chini ya ulinzi, akafanya vilevile, akarudishwa.

Wa mwisho alikuwa Afisa Mteule Rrapo Zeneli, mkufunzi, mwenye nywele za mvi zilizokatwa karibu na ngozi. Aliingia analalamika.

"Nimefundisha bunduki miaka mingi kuliko umri wako, Kapteni. Leo napewa mtihani na mtoto wa Tirana?"

"Ni dakika moja tu, Mzee Rrapo."

"Mzee ni babako."

Aliichukua. Akatoa magazini, akakoki, akaangalia chemba, akaelekeza mtutu kwenye pembe ya dari, akavuta triga. *Tik.* Kidole chake kikaenda kwenye kijiti. Kikakataa.

"Mavi!" Rrapo alikoki tena, akasukuma kijiti, kikaenda, akaitupa bunduki mezani kama kadi mbaya. "Usiwaambie vijana. Watanitania mpaka nistaafu."

"Kwa nini umevuta triga?"

"Sikuvuta mimi, mkono umevuta. Kwa Kalashnikov ndiyo kanuni. Unakagua, unaelekeza juu, unavuta triga kuhakikisha hamna kitu, ndipo unafunga usalama. Tulipigwa makofi mpaka ikaingia kwenye mifupa. Kalashnikov haijali nyundo imelala au imesimama, inafungwa tu. Haya madude mapya yana maringo."

Sotir aliivuta bunduki upande wake. "Wewe na Gentjan mligombana mwaka jana."

"Ooh! Tumefika huko." Rrapo alikaa bila kuambiwa. "Nilitaka mpwa wangu apewe ghala. Akapewa Gentjan. Nikamwita majina mbele ya watu. Kila mtu anajua. Unadhani nimemwibia bolti ili afungwe?"

"Sijadhani kitu. Ijumaa, wakati wa kusafisha, ulikuwa wapi?"

"Chini ya lori."

"Lori gani?"

Rrapo alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Hawajakuambia kuhusu lori? Lori la mkate lilikwama kwenye barafu pale getini. Meja akapiga kelele, kila mtu nje, kusukuma. Mimi nililala kifudifudi nafunga minyororo kwenye magurudumu, theluji inaingia kwenye suruali. Waulize thelathini walioona matako yangu."

"Na bunduki?"

"Bwaloni, mezani. Tunasafishia bwaloni siku za baridi kwa sababu kuna jiko la kuni. Zilikuwa zimeshaunganishwa, zinangoja kurudishwa. Tuliacha mlinzi mlangoni."

Sotir aliandika 'lori' kwenye daftari lake. Hakuna hata mmoja aliyemtajia lori, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake ametaja, au kwa kuwa kwao lori kukwama halikuwa tukio. Kukwama ndiyo kazi ya lori la mkate kila Februari.

"Mzee Rrapo. Kijiti kilipokataa, ulifanya nini?"

"Si umeona? Nikakoki tena."

"Kwa sababu unazijua hizi mpya."

"Nimezifundisha."

"Aliyeichukua bolti ya Enea naye alivuta triga, kama wewe. Kijiti kikakataa, kama kwako. Lakini yeye aliiacha hivyo hivyo. Hakujua la kufanya." Sotir aligonga meza polepole kwa ncha ya kidole. "Mikono yake imefundishwa Kalashnikov, na hii mpya haijafundishwa. Katika kambi hii kuna nani wa umri wako?"

"Wa umri wangu?" Rrapo alicheka. "Mimi, lile jiko la kuni, na Mama Vjollca anayepika."

Kisha akaacha kucheka.

"Mama Vjollca ni mwanamke," Sotir alisema.

"Kapteni, umezaliwa lini wewe? Zama zile za ukomunisti kulikuwa na mwanamke? Walimu, wafumaji wa kiwandani, wauza maziwa, wote kila mwaka mgamboni. Bi harusi alikwenda kufyatua risasi, akarudi kukanda unga. Vjollca alikuwa kikundi kimoja na dada yangu." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Alikuwa na shabaha kuliko wanaume."

* * *

Sotir alipitia mahabusu kwanza.

"Hukunitajia lori," alimwambia Gentjan.

Gentjan aliangalia ukuta.

"Na hukuzikagua moja moja."

"Vidole vilikuwa vimekufa, afande. Tumerudi kutoka kwenye barafu, foleni mpaka nje, kila mtu anataka kwenda kuoga. Nilisoma namba ya kitako, nikatundika, nikasoma, nikatundika. Sikuifungua hata moja." Alimeza mate. "Ningesema hivyo, wangesema mzembe na mwizi pia. Nikaona bora niwe mwizi tu, kwani huo ni uongo, na uongo hauna ushahidi."

"Unajua hesabu hiyo ni mbaya?"

"Sasa naijua."

Mlinzi wa Ijumaa alikuwa askari mdogo aitwaye Mondi. Sotir alimpeleka bwaloni, akamsimamisha pale pale aliposimama siku ile. Mlango mmoja ulitazama uwanjani. Ukuta wa pili ulikuwa na dirisha pana la kupitishia vyungu, na pembeni yake mlango wa kusukuma, wa kwenda jikoni.

"Ulitazama wapi?"

"Nje, afande. Walikuwa wanasukuma lori. Mzee Rrapo alikuwa amelala chini, ilikuwa inachekesha."

"Nani aliingia?"

"Hakuna mtu. Naapa kwa mama yangu."

"Kutoka jikoni?"

Mondi alikunja uso, kama aliyeulizwa kama maji yaliingia mtoni. "Jikoni si kuingia, afande. Jikoni ni ndani."

* * *

Jikoni palikuwa na joto la kuumiza mtu aliyetoka nje. Maharage yalikuwa yanachemka kwenye chungu kikubwa. Vjollca Prifti, mwanamke mfupi mwenye mikono minene iliyojaa unga mpaka kwenye viwiko, alikuwa anatandaza tabaka la lakror kwa fimbo nyembamba, anazungusha, anatandaza, mpaka unga ukawa unaonyesha ubao wa meza.

"Kama ni njaa, subiri foleni," alisema bila kugeuka.

"Si njaa, Mama." Sotir alikuwa amebeba ile bunduki nzima begani. Akaishusha, akailaza kwenye ncha ya meza.

"Toa! Juu ya unga wa watu! Hivi hukulelewa?"

"Naiweka kidogo tu nivue koti."

"Iko tupu?"

"Sijaangalia."

"Hujaangalia?" Vjollca aligeuka mzima. "Kapteni mzima, na nyota zako hizo, unatembea jikoni kwangu na bunduki hujui ina nini? Watoto wanakuja kula hapa!"

Alipangusa mikono kwenye aproni, akaikamata bunduki, akageuza mtutu juu kwenye pembe ya dari iliyoungua kwa moshi. Mkono ulikwenda wenyewe. Akakoki, akainamisha kichwa kuangalia chemba, akaachia. Akavuta triga. *Tik.* Kidole gumba cha mkono wa kulia kikapanda ubavuni, upande wa kulia wa bunduki, kikatafuta wenzo mrefu kama wa Kalashnikov, kikakuta chuma laini tu.

Kikabaki pale.

Maharage yaliendelea kuchemka. Vjollca alikitazama kidole chake kama kitu cha mtu mwingine.

"Kwa hizi mpya kiko kushoto, Mama," Sotir alisema.

"Nimeshawaona watoto wakikisukuma."

"Ijumaa ulikisukuma?"

"Kilikataa." Aliilaza bunduki mezani taratibu, mbali na unga. "Nikasema shauri yake, sina muda."

Akachukua fimbo yake, akarudi kutandaza. Sotir alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa vyungu, akavuta stuli.

"Nani alikufundisha kuifungua?"

"Wanazifungua pale mezani kila Ijumaa, na mimi nina macho. Ya zamani ilikuwa ngumu zaidi. Mwalimu wetu alitufunga kitambaa usoni, tuifungue gizani." Alinyunyiza unga. "Nilikuwa wa pili shuleni."

"Na jina la Enea liko kwenye mkanda wa bunduki yake."

"Nililishona mimi."

"Ulitaka nini?"

Vjollca alimaliza tabaka, akalikunja kwenye fimbo, akalitandika kwenye sinia.

"Mwaka niliomaliza shule, kijana mmoja wa kikundi chetu alipoteza springi ya bunduki. Springi! Kikundi chote tulikaa uwanjani na mvua, hakuna kwenda kazini, hakuna kwenda popote, mpaka ikapatikana kwenye matope. Dada mmoja alikosa harusi yake mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria. Bunduki yako haijakamilika, wewe huendi popote. Nikasema, Enea hatakwenda huko kwenye barafu mpaka chuma kipatikane. Na mimi ningekipata. Jumatatu inayofuata, ndege imeshaondoka, nafagia chini ya kabati, jamani hiki nini? Nani angemuuliza mpishi?"

"Lakini wakampa nyingine."

"Wakampa nyingine!" Alipiga meza kwa kiganja, vumbi la unga likaruka. "Kabla supu yangu haijapoa! Wakatoa nyingine rafuni wakamwambia chukua. Jeshi gani hilo? Bunduki ya mtu imepoteza tumbo, wanampa ya pili kama kijiko!"

"Na Gentjan wakamfunga."

Vjollca akaanza kukanda tonge jingine la unga.

"Mama."

"Nilidhani siku moja. Watamsumbua siku moja, watamwachia, kwani hana kitu. Nikampelekea nyama."

"Gari lake linafika baada ya chakula. Kwa kuuza sehemu ya silaha ni miaka mitano, pengine saba. Mkewe ni mjamzito."

"Najua ni mjamzito, nimemfumia mtoto soksi." Alisema hivyo kwa hasira, kama Sotir ndiye aliyempa mimba. "Ningesema, wangesema Enea alinituma. Mama na mwana. Wangemfukuza, wangemwandika. Kila asubuhi nilisema leo nitasema. Kila asubuhi nikawasha moto."

"Enea alijua?"

"Enea?" Macho yake yalikuwa makavu. "Enea aliandika jina lake kwenye safari ile kabla ya wote. Alikuja hapa ananirukia, Mama, nimepata. Ningemwambia nini?"

"Kwa nini hukumwambia asiende?"

"Kaka yake nilimwambia asiende Ugiriki. Akaenda. Barua moja, halafu hakuna. Nimeshasema kwa mdomo mara moja katika maisha yangu, Kapteni. Mdomo haufanyi kazi."

Sotir alisimama. "Chuma kiko wapi?"

Alionyesha kwa kidevu, rafu ya chini, nyuma ya magunia ya chumvi. Palikuwa na debe la mafuta ya kondoo. Sotir alikunja mkono wa shati, akachovya. Bolti ilikuwa katikati, imefungwa kwenye kitambaa safi, imepakwa vizuri mpaka kwenye kila kona.

"Ungeitupa mtoni isingepatikana kamwe," alisema.

"Kuitupa?" Vjollca alimtazama kwa dharau halisi. "Ni chuma cha serikali. Na chuma hakiachwi kikavu."

Sotir aliipangusa, akasoma namba iliyochongwa ubavuni. Ilikuwa ya Enea. Akaiweka mfukoni.

"Nakwenda kwa Meja. Unaweza kungoja hapa."

"Ngoja niwape chakula. Na niseme na mwanangu kwanza, asisikie kwa mwingine."

Sheria ilisema mtuhumiwa asizungumze na shahidi. Sotir alitazama saa ya ukutani, kisha foleni iliyoanza kujipanga upande wa pili wa dirisha, na akasogea mpaka mlangoni, mahali anapoweza kuona asisikie.

Enea alikuwa wa nne. Vjollca alimpakulia, akainama dirishani, akasema maneno machache. Kijana hakusogea. Nyuma yake mtu alisema, "Oya, Prifti, umeolewa na hilo dirisha?" Wengine wakacheka. Enea aliliacha sinia lake pale pale, limejaa, akatoka uwanjani bila kofia.

Vjollca akachukua upawa, akampakulia anayefuata.

* * *

"Kwa hiyo ni mama," Meja Lako alisema. Alikuwa ameishika bolti kwa leso, kisha akakumbuka leso ile ni ya mafua, akaiweka chini. "Mwachie Gentjan. Nitamwadhibu mimi kwa kutokagua, na adhabu ataikumbuka, lakini ataikumbuka akiwa nyumbani kwake."

"Na Enea?"

"Enea haendi."

"Hakujua chochote, Meja. Nimehakikisha."

"Nimesema alijua? Kule ni kambi ya mataifa kumi. Siwezi kumpeleka kijana ambaye mama yake alifungua bunduki zangu kwenye meza ya chakula. Wataisimulia mpaka nife." Alipenga kamasi. "Nimeshamwambia. Mwingine ameshapewa nafasi yake."

Sotir hakubishana. Hilo halikuwa katika kazi aliyotumwa.

Gari la mwendesha mashtaka lilifika likiwa na tope mpaka madirishani. Dereva alikuwa na jina la Gentjan Muka kwenye karatasi yake, akaona anakabidhiwa mwanamke mwenye kitambaa kichwani, akauliza kama wanamtania. Sotir alimwambia afungue mlango wa nyuma na pingu aziache zilipo. Yeye mwenyewe angekwenda naye.

Gentjan alitoka mahabusu akipepesa macho kwa weupe wa theluji. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye gari, akasimama kwenye dirisha la Vjollca. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

"Nimelala kwenye mbao, Mama Vjollca. Mke wangu amekwenda kwa wazazi wake. Majirani hawamsalimii."

"Najua."

"Unajua! Na bado unaniletea kondoo?"

"Ningekuletea nini, mwanangu? Kuku walikuwa wamekwisha."

Gentjan alisogea karibu zaidi. Alitikisa kichwa, akapiga paa la gari kwa kiganja, mara moja, si kwa nguvu, akaondoka kuelekea getini huku akikimbia nusu. Barabara ya kwenda kwa wakwe zake ilikuwa ndefu.

Upande wa pili wa uwanja Enea alikuwa anapasua kuni za jiko. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa amewapa mgongo, na shoka lilipanda na kushuka bila kupumzika.

"Meja amesema nini kuhusu yeye?" Vjollca aliuliza.

"Hatasafiri. Jina limetolewa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Vjollca alikunja mkono wa gauni. Alijipangusa unga uliobaki kwenye kiwiko, akautazama mkono.

"Nilimwambia aje akuage," Sotir alisema. "Amesema hana mama."

Dereva aliwasha gari, kisha akalizima tena, maana hakuna aliyemwambia aende. Shoka liliendelea. Vjollca alilitazama kupitia kioo chenye tope mpaka gogo moja likaisha na lingine likawekwa.

"Mwache asiwe na mama," alisema. "Mradi anakosa mama akiwa hapa Korçë."